Wawili Wanatosha



Ndugu wasikilizaji, masika yaingiapo Njombe ulanzi hugemwa kila siku, nao haukosekani hata kwa maskini. Ndio msimu mgumu kwa ndugu yetu aliyeazimia kuacha pombe. Tumezoea kumwambia, “Sali, ujikaze.” Sala ni ya lazima, lakini kumwacha ajikaze peke yake ni kumtupa.

Mwaka 1935, mjini Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja daktari, walianza kukutana ili wasaidiane wasinywe. Hapo ndipo vikundi vya namna hiyo vilipochipuka, ambamo majina ya watu hayatangazwi.

Kwetu kizuizi ni aibu. Anayeogopa macho ya Njombe na apande basi, akatafute wenzake Makambako. Mbona wako wanaosafiri mbali ili wanywe bila kuonwa na wake zao! Akikosa kikundi, amwombe paroko chumba, yeye na mwenzake mmoja. Maparoko, tusiwanyime.

Lakini yule anayetetemeka asubuhi akikosa pombe amwone daktari kwanza. Kuiacha ghafla kwaweza kumletea degedege, hata kifo.

Nasi wanajumuiya, zamu ya sala ifikapo nyumbani kwake, tunywe chai.