Tuni Isiyopigwa na Mtu: Je, Bado Kuna Muziki Mpya wa Kutungwa?



Nilipewa uhuru wa kuchagua mada ya hotuba hii, nami nikachagua kauli inayoniudhi. Kauli hiyo inasema muziki umekwisha. Noti ni chache, zimeshapangwa kila namna, na anayejidai ametunga kitu kipya hajui tu nani alimtangulia. Naisikia kwa maprodyuza vijana wa hapa Kampala na naisoma katika insha za wanafunzi wangu. Nimeisikia hata kwa wenzangu wa fani, watu ambao sikutarajia waiseme. Jioni hii nimekuja kuivunja.

Historia ya kauli hii wenzangu wanaijua, siirudii. Lililo jipya ni kwamba tangu 2020 imepata hesabu ya kuegemea. Wamarekani wawili, Damien Riehl, mwanasheria, na Noah Rubin, mtunga programu, waliiamuru kompyuta itoe kila tuni inayoweza kupatikana kwa sauti nane za skeli katika mapigo kumi na mawili. Nane kumi na mbili ukizizidisha pamoja unapata zaidi ya bilioni 68. Zote wakazihifadhi kwenye diski, wakatangaza kwamba haki yoyote waliyo nayo juu yake wameiachia umma.

Nia yao naiheshimu. Mwaka 1976 mahakama ya New York iliamua kwamba mwanamuziki George Harrison alinakili wimbo wa wengine bila yeye mwenyewe kujua. Wawili hawa walitaka kuonyesha kwamba watu wanaolima shamba dogo lazima wakutane mpakani, na kwamba kukutana si wizi. Katika hilo niko upande wao. Ugomvi wangu ni na waliochukua diski ile wakaifanya cheti cha kifo cha utunzi.

Hebu tuitazame diski yenyewe. Ndani yake kuna sauti nane za piano, kila moja na urefu uleule, bila kituo, bila mkazo, bila koo la mtu, bila maneno. Chukueni "Walumbe Zaaya" ya Paulo Kafeero, wimbo ambao nusu ya waliomo humu wanaweza kuuimba. Ondoeni masimulizi, ondoeni jinsi anavyoivuta silabi ya Kiganda ikakaa nyuma ya gitaa, halafu mniambie kilichobaki ni wimbo gani. Lakini sitaki kukaa hapa, kwa sababu mtetezi wa diski atajibu kwamba hayo ni mapambo na mifupa ni noti. Basi twende kwenye mifupa.

Mifupa ninayoijua mimi imelazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba. Amadinda ya Buganda ina mbao kumi na mbili za musambya, zikitenganishwa kwa vijiti vilivyochomekwa kwenye vigogo. Kila oktava ina sauti tano, na mapengo kati yake yanakaribia kuwa sawa. Hakuna mahali kwenye piano utakapozipata zote. Kwa hiyo kabla hatujahesabu chochote, muziki wa ikulu ya Kabaka umeshabaki nje ya diski.

Hilo ndilo dogo. Kubwa ni namna ala hii inavyopigwa. Mpigaji wa kwanza, omunazi, anaanza kwa mapigo yaliyo sawasawa kabisa, mikono miwili ikienda pamoja kwa oktava. Mkabala wake mpigaji wa pili, omwawuzi, anaingiza mapigo yake katika nafasi zilizoachwa wazi, naye sawasawa vilevile, kila pigo la mmoja likiangukia katikati ya mawili ya mwenzake. Kwa pamoja wanaweza kupita mapigo 500 kwa dakika. Mwisho wa ala, penye mbao mbili ndogo kuliko zote, yuko omukoonezi. Huyu kazi yake ni kusikiliza sauti mbili za chini katika mchanganyiko wa wenzake na kuzirudia juu.

Mnaona anachofanya omukoonezi? Anapiga tuni ambayo omunazi haipigi wala omwawuzi haipigi. Imezaliwa katikati yao. Sikio linakusanya sauti zinazokaribiana kimo, za chini pamoja, za juu pamoja, na kutoka kwenye mistari miwili iliyonyooka kabisa inatoka mistari mitatu, minne, yenye kuruka na kusita.

Mimi nilikulia Mwanza na nilifika Kampala nikiwa na masikio ya kwaya. Siku niliyokalishwa kwenye nafasi ya omwawuzi, tuni moja ilianza kupanda na kushuka mbele yangu, wazi kama mtu anayeimba. Nikaitazama mikono ya mzee aliyekuwa akinifundisha, nikaitazama yangu. Hapakuwa na mkono uliokuwa ukiipiga. Nikamuuliza, "Ssebo, hii anapiga nani?" Akajibu bila kuinua macho, "Wewe piga. Ukisimama inaondoka."

Jambo hili lilielezwa kitaalamu na Gerhard Kubik wa Austria, aliyekuja Kampala mwishoni mwa 1959 na kuchapisha makala yake ya kwanza juu yake mwaka 1960. Wanafunzi wangu humtaja Kubik, na ni haki. Nawaomba wamtaje kwanza mwalimu wake, Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu aliyefanya kazi katika Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kitante. Kwangu mimi Muyinda ni mmoja wa watunzi wakubwa wa Afrika Mashariki katika karne ya ishirini, na ninasema hivyo nikijua kwamba wengi watamwita mtunzaji tu. Alikuwa amebeba kichwani hazina ya nyimbo ambazo vidole vya ikulu vilizihifadhi, kama "Ssematimba ne Kikwabanga". Tarehe 24 Mei 1966 jeshi liliposhambulia Lubiri, yaani ikulu yenyewe, na wanamuziki wa Kabaka wakatawanyika, waliokuwa na mafunzo ya namna hiyo vichwani wakawa ndio maktaba.

Lakini Muyinda hakukaa kulinda. Alikusanya ala ambazo ikulu ilizitenga, kila moja na kikundi chake na wajibu wake, akaziketisha pamoja: endongo, endingidi, endere, amadinda, ngoma. Leo shule zikishindana kwenye tamasha la muziki, mpangilio huo ndio unaoitwa wa jadi, na waamuzi huwakata alama wanaouacha. Wanaotuambia Mwafrika asibuni, arithi tu, wanalinda ubunifu wa mtu waliyeweza kukutana naye Kitante. Hao sina haja ya kuwajibu kwa kirefu.

Turudi kwa wahesabuji. Tuni ninayoizungumzia haiandikiki kwenye orodha yao, kwa sababu haipo katika sehemu yoyote ya mpigaji yeyote. Ipo katika uhusiano. Badilisha kidogo mbao mbili, ongeza kasi, mweke omukoonezi mwenye sikio jingine, na itatoka nyingine. Hata Ulaya walilisikia hili. Mtunzi György Ligeti alikuwa amekwama, kwa maneno ya wengi waliomsoma, kati ya usasa uliochoka na kurudi nyuma. Mwaka 1982 mwanafunzi wake Roberto Sierra akamsikilizisha rekodi za mtafiti Simha Arom za Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, pembe nyingi, kila pembe sauti yake, tuni ikigawanywa kwa wote. Mwaka 1985 kitabu chake cha kwanza cha etudi za piano kilikuwa tayari, na anayekisikiliza atatambua alichojifunza. Wabanda-Linda wako mbali. Lakini vuka Nile hapo Jinja, Wasoga wanapuliza bigwala za vibuyu kwa kanuni hiyohiyo, na mwaka 2012 UNESCO ililazimika kuziweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Hakuna aliyezichoka. Tulikaribia kuacha kuzipuliza, basi.

Kuna hoja moja ya upande wa pili inayonisumbua, nami sitairuka. Nakaa karibu na Bandali Rise, hapa Bugolobi. Ijumaa usiku baa tatu huniletea muziki barazani kwa wakati mmoja, na kwa saa nzima ni shida kutenganisha wimbo na wimbo: besi ileile ya amapiano, kasi ileile, akodi zilezile nne. Anayesema yote yamefanana hasemi uongo kuhusu Ijumaa ya Bugolobi. Ila tujiulize kinachofanana ni nini. Prodyuza anafungua kompyuta, programu inamkaribisha kwa sauti kumi na mbili za piano, mstari uliogawanywa kwa nne, na maktaba ya ngoma alizopewa jirani yake pia. Uhaba uko katika mipangilio iliyomo kabla hajagusa kitu, na mipangilio hubadilishwa. Uhaba wa pili ni mbaya zaidi: anaketi peke yake.

Lakini wapo waliokwisha kuibadilisha mipangilio hiyo. Otim Alpha wa Gulu alichukua nyimbo za harusi za larakaraka za Waacholi akaziingiza kwenye kompyuta, mkusanyiko wake ukatolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala. Kompyuta ilifuata kasi ya wachezaji wa Kiacholi, si wao kuifuata. Kundi la Nihiloxica ni wapiga ngoma wa Kiganda na Waingereza wawili. Albamu yao ya 2020 inaitwa Kaloli, jina la ndege wale wakubwa tunaowaona juu ya miti ya mtaa huu. Sikilizeni engalabi na sinthesaiza zinavyogombea nafasi moja mpaka inatokea sauti ambayo huwezi kuikabidhi kwa yeyote kati yao. Mimi nasema huo ni utunzi mpya, na ninasema hivyo bila kusitasita, ingawa najua baadhi yenu mnasikia kelele.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ombi langu liko mezani kwako na nalirudia hapa mbele ya mashahidi. Katika muhula wa kwanza, vinanda vya studio ya wanafunzi vipangwe kwa sauti tano za Kiganda, na kila kompyuta ikaliwe na wawili, mmoja omunazi, mwingine omwawuzi. Programu tulizonazo zinaruhusu kubadilisha mpangilio wa sauti, na ni kazi ya dakika chache. Amadinda tunayo, imefungwa stoo. Inachohitaji ni vigogo vipya kila vya zamani vinapooza, na migomba iko nyuma ya jengo hili.