Lugha ya Mama Penye Mpaka



Sisi tukaao karibu na mto Ruvuma twajua maana ya mpaka. Wamakonde wako ng'ambo hii, na Wamakonde wako ng'ambo ile. Dola za kigeni zilipoufanya mto kuwa mpaka, hazikuwauliza. Basi katika Jubilii hii twapenda kuwapa habari za mtu aliyezaliwa penye mpaka mwingine.

Nchi ya Alsace iko kati ya Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 1871 Wajerumani waliitwaa. Baada ya vita ya 1914 hata 1918 ikarudi kwa Wafaransa. Mwaka 1940 Wajerumani wakaishika tena. Vita ilipokwisha ikawa ya Ufaransa hata leo. Aliyezaliwa huko kabla ya 1870, akaishi hata 1945, alibadilishiwa dola mara nne pasipo kuhama nyumba yake.

Huko alizaliwa Albert Schweitzer, mwaka 1875, mwana wa mchungaji. Kwao walisema lugha ya Alsace, iliyo jamaa ya Kijerumani. Walakini barua kwa wazazi wake aliziandika kwa Kifaransa. Kitabu chake juu ya Bach alikiandika kwanza kwa Kifaransa, kisha akakiandika upya kwa Kijerumani. Pamoja na hayo alishika neno hili: lugha ya mama ni moja tu, nayo kwake ni Kijerumani, adhaniaye kwamba anazo mbili ajidanganya.

Naye aliuonja uchungu wa mpaka. Tangu 1913 alikuwa daktari huko Lambaréné, Gabon, chini ya Wafaransa. Vita ilipoanza akawekwa chini ya ulinzi, kwa kuwa alikuwa raia wa Ujerumani. Mwaka 1917 akapelekwa Ufaransa, akafungwa kambini. Baada ya vita akawa raia wa Ufaransa, na mwaka 1924 akarudi kuwatibu wagonjwa wale wale. Uraia ulibadilika, lugha yake haikubadilika, wala haikumzuia kuwatumikia watu.

Katika kijiji cha Günsbach, alikolelewa, Waprotestanti na Wakatoliki walisali katika kanisa moja, kwa zamu. Tofauti zao zilibaki, na mlango ukabaki mmoja.

Waalimu wenzetu, tukiri kosa letu. Tumewachapa watoto kwa kusema Kimakonde au Kiyao shuleni, tukidhani twawapa Kiswahili. Tumewapa aibu tu. Na tuwafundishe Kiswahili kwa bidii, pasipo kuwanyang'anya lugha waliyopewa na mama zao.