Kutunza Wazee Wetu Nyumbani Mwao
Hotuba ya mwalimu wa dini mbele ya waamini na wageni, katika siku za Yubilee



Katika siku hizi za Yubilee tumehesabu mengi: ubatizo, ndoa, madarasa, hata mabati ya kanisa. Sisi walimu wa dini tumeombwa kusema juu ya watu ambao hawakufika leo. Ndio waliobeba matofali na mchanga kichwani ili kanisa hili lisimame. Wangali hai, wamo katika mitaa yetu, lakini miguu yao haiwezi tena kupanda kilima hiki. Twataka kueleza namna tunavyowatunza nyumbani mwao, na kwa nini kazi hii ni ya lazima kuliko wengi wanavyodhani.

Mtu atauliza: Je, mzee si wa watoto wake? Ndiyo, ni wao. Amri ya nne ya Mungu yawaagiza hivyo, na desturi ya mababu yetu vilevile. Lakini vita vya 1996 na vya 1998 vilitawanya jamaa nyingi za Kivu ya Kusini. Vijana wengi wamekwenda Kamituga na Misisi kutafuta dhahabu. Mama mzee abaki na wajukuu wadogo, naye ndiye anayewapikia. Tena pesa za uzee si za wote. Mfuko wa Serikali ulioanzishwa mwaka 1961 kwa jina la INSS, ambao tangu mwaka 2018 waitwa CNSS, hulipa pansio kwa wale waliofanya kazi ya mshahara na kutolewa michango. Mkulima wa muhogo na mama muuza samaki hawamo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, yawapa wazee haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Haki hiyo ni njema, lakini yahitaji watu wa kuchota maji na kumgeuza mgonjwa kitandani.

Basi, kazi yetu ni hii. Katika kila shirika twachagua watu wawili, mwanaume na mwanamke. Wapewa wazee wawili au watatu, na siku moja isiyobadilika. Ikiwa ni Jumanne, ni kila Jumanne, mvua inyeshe isinyeshe, maana mzee anayengoja huhesabu siku. Wakifika, wabisha hodi na kuomba ruhusa, kwani nyumba ni ya mzee hata kama hawezi kuinuka. Kiisha waangalia mambo manne.

La kwanza ni maji ya kunywa. Mzee hasikii kiu kama kijana. Kwa hiyo kikombe kiwekwe karibu na mkono wake, naye akumbushwe.

La pili ni ngozi. Asiyeweza kujigeuza hupata vidonda mahali mfupa unapokaribia ngozi: matakoni, nyongani, visiginoni. Twafundisha jamaa kumgeuza kila saa mbili, kunyoosha shuka lisiwe na mikunjo, na kupapasa kama kuna mahali penye moto au ugumu, kabla kidonda hakijafunguka.

La tatu ni dawa. Wengi wenye tansio huacha vidonge siku wanapojisikia vema. Kumbe tansio mara nyingi haiumi, nayo yaweza kupasua mshipa wa kichwa pasipo kutoa habari. Twahesabu vidonge pamoja nao.

La nne ni njia ya choo. Kwetu choo kiko nje, na udongo wa mteremko huteleza. Mfupa wa paja ukivunjika, wazee wengi hawasimami tena. Fimbo, taa ndogo, na kamba ya kushika toka mlangoni hadi chooni vyaweza kuzuia msiba huo.

Lakini hatumtunzi mzee peke yake. Katika nyumba nyingi kuna binti au mke wa mtoto ambaye huamka usiku mara tatu, hufua vitambaa, huenda sokoni, na hakuna anayemwambia asante. Huyo naye achoka, na mtu aliyechoka sana huanza kusema kwa ukali. Kwa hiyo tunakaa na mzee nusu siku ili yeye aende shambani, au alale tu. Tena hatupendi kuchukua kazi ya watoto. Imetokea kwamba watoto, wakiona wageni wa kanisa wanafika, wao wenyewe wanakimbia. Ndiyo maana kabla ya kuanza twaita jamaa yote, na kila mtu ataja siku yake mbele ya wengine. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tufike kwenye shauri lililo zito. Kuna ugonjwa wa kusahau, ambao mganga Alois Alzheimer alieleza namna yake moja mwaka 1906 huko Ujerumani. Mgonjwa hupotea njia anayoijua, huita wafu kana kwamba wako mlangoni, husema wamemwibia chakula, hutembea usiku. Katika mitaa yetu mambo hayo yapewa jina jingine: ulozi. Mtoto wa jirani akifa wiki ile, neno lapita toka nyumba hadi nyumba. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake waliuawa kwa neno hilo, na wengine walichomwa moto. Wandugu, hayo si habari za mbali.

Katika mtaa mmoja wa parokia yetu, mama mzee alitoka usiku kucha akigonga milango. Asubuhi vijana walikusanyika. Watu wawili wa shirika, waliomzungukia mwaka mzima, walisimama mlangoni pamoja na jamaa yake na shefu wa avenyu. Waliweza kusema: Twamjua, usahaulifu wake ulianza siku fulani, usiku huu umezidi ghafula, basi twendeni kwa mganga. Katika kituo cha afya walikuta homa ya mkojo. Alipotibiwa, akaacha kuzunguka usiku. Kusahau hakukwisha, lakini angali hai. Waliomwokoa hawakuwa na nguvu za ajabu. Walimjua, na kila mtu alijua kwamba wanamjua. Mzee aliyefichwa chumbani huogopwa, na anayeogopwa ni rahisi kumshtaki.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Mapadri waheshimiwa, semeni wazi katika mahubiri kwamba kusahau ni ugonjwa, na kwamba asiyemshtaki mzee lakini anyamaza mbele ya washtaki, naye ana hatia. Viongozi wa mashirika, andikeni majina ya wazee wote wasiotoka nyumbani, wakristu na wasio wakristu. Nanyi vijana, njoni mjifunze. Kumgeuza mgonjwa kwahitaji mikono yenye nguvu.

Mwaka 2021 Papa Fransisko aliweka siku ya wazee, Dominika ya nne ya mwezi wa saba. Twaishukuru. Lakini mwaka una Jumanne 52, na katika kila moja kuna mtu anayesikiliza kama hodi itabishwa.

Mungu awabariki wazee wetu, na wale wanaowaosha.