Dhahabu ya Kakamega na Ahadi ya Ardhi

Mbio za dhahabu, yaani wimbi la watu wanaomiminika mahali pamoja mara habari za madini zinapovuma, hutajwa zaidi kwa California ya mwaka 1849, ilhali Kakamega, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na zake kuanzia mwaka 1931. Wengi wa waliozikimbilia hawakuwa wachimbaji kwa kazi yao, bali walowezi wa Kizungu walioangushwa na bei ya mahindi na kahawa wakati wa mdororo wa uchumi wa dunia, ambao sasa walipiga mahema kando ya vijito na kuuzungusha mchanga wenye maji ndani ya karai ili dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ituame chini. Kuchimba mitaro na kubeba udongo, kama kawaida, kuliwaangukia vibarua Waafrika.

Zito zaidi lilikuwa suala la sheria. Sheria ya mwaka 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi, yaani maeneo yaliyotengewa Waafrika, Kakamega ikiwemo, ingebaki yao daima, na kwamba kipande kikichukuliwa kingefidiwa kwa ardhi nyingine. Lakini mwishoni mwa mwaka 1932 serikali ya kikoloni iliirekebisha, ikaruhusu fidia ya fedha tu, tena bila kushauriana na mabaraza ya wenyeji. Hiyo “daima” ilidumu takriban miaka miwili. Kuhusu dhahabu yenyewe, mgodi mkubwa wa huko, Rosterman, ulifungwa mwaka 1952, lakini wakazi wa Kakamega wangali wanachimba kwa mikono hadi leo.