Upasuaji wa Unene na Mzigo wa Malipo: Wajibu Wetu kwa Asiye na Bima

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona upasuaji wa kupunguza unene umewekwa katika ratiba ya semina ya Haki na Amani. Tumezoea kudhani kwamba hayo ni mambo ya wenye fedha na wapenda urembo. Lakini maombi ya michango kwa ajili ya matibabu haya yameanza kufika katika jumuiya zetu ndogo ndogo, na mara nyingi hupokelewa kwa minong'ono: "Ale kidogo, atapungua." Kwa kufuata utaratibu wetu wa kuona, kuamua na kutenda, tulitazame suala hili bila kejeli na bila haraka.

I. TUONE HALI ILIVYO

Shirika la Afya Duniani linautambua unene wa kupindukia kuwa ni ugonjwa. Nao huzaa magonjwa mengine: kisukari, shinikizo la damu, kuharibika kwa magoti na kukatika kwa pumzi usingizini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Wengi wao hawahitaji kisu. Wanahitaji ushauri, chakula kinachofaa na kazi za mwili.

Wapo wachache ambao njia hizo hazikutosha. Madaktari hugawanya uzito wa mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 110 na urefu wa mita 1.60 hupata kama 43. Tangu mwaka 1991 madaktari wengi walifuata mwongozo kwamba anayefaa kupasuliwa ni mwenye 40 na kuendelea, au 35 akiwa pia na ugonjwa kama kisukari. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari hao vilishusha kiwango hadi 35 hata pasipo ugonjwa mwingine.

Katika aina moja ya upasuaji huo, sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo, kiasi cha robo tatu au zaidi, huondolewa. Katika nyingine, chakula hupitishwa njia ya mkato hadi kwenye utumbo. Kuna pia puto linalowekwa tumboni kwa miezi kadhaa kisha kutolewa. Huo si upasuaji. Hapa nchini, Hospitali ya Taifa Muhimbili katika tawi lake la Mloganzila imekuwa ikitoa huduma ya puto.

Je, upasuaji huo husaidia? Nchini Uswidi watu zaidi ya 4,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walipungukiwa na hatari ya kufa kwa zaidi ya robo wakilinganishwa na wasiopasuliwa. Basi ni tiba ya kweli. Lakini si muujiza: aliyepasuliwa huhitaji vitamini na vipimo maisha yake yote, na asipobadili ulaji uzito waweza kurudi.

Sasa tutazame malipo. Tangu mwaka 1993 wananchi wa Tanzania walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999, na Mfuko ulianza na watumishi wa serikali mwaka 2001. Kwa wakulima na wachuuzi kulikuwa na Mfuko wa Afya ya Jamii, ambao ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Mchango huo ulimsaidia mtu katika zahanati, kituo cha afya na hospitali za wilaya na mkoa. Haukukusudiwa kubeba upasuaji wa kibingwa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hata hivyo, kuwa na kadi si sawa na kulipiwa kila tiba. Kila bima ina orodha yake, na tiba za unene huwekwa kwa urahisi katika fungu la urembo.

Tusidhani kwamba shida hii ni ya nchi maskini tu. Nchini Marekani, bima ya serikali ya wazee iitwayo Medicare ilikubali kulipia upasuaji huu mwaka 2006, kwa masharti. Lakini sheria kubwa ya bima ya mwaka 2010 haikuzilazimisha bima zote kuulipia, hivyo mgonjwa hutegemea jimbo analoishi na mwajiri wake. Baadhi ya waliokosa huvuka mpaka kwenda Tijuana, Meksiko, kutafuta bei nafuu. Mwaka 2019 mamlaka ya afya ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya waliopasuliwa huko walirudi na vijidudu sugu visivyosikia dawa nyingi. Rahisi iligeuka ghali.

II. TUAMUE

Katekisimu ya mwaka 1992 inatufundisha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Kwanza, uhai na afya ni zawadi za Mungu, na jamii inapaswa kuwasaidia watu wake kupata matibabu. Pili, mwili usigeuzwe sanamu ya kuabudiwa. Basi swali letu la kwanza liwe: hii ni tiba au ni urembo? Swali hilo hujibiwa na daktari na vipimo vyake. Halijibiwi na macho ya jirani. Mgonjwa wa kisukari mwenye kilo 130 ambaye hawezi kupanda ngazi haombi kupendeza. Anaomba kuishi.

Yohane XXIII, katika waraka wake "Pacem in Terris" wa mwaka 1963, aliyahesabu matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Haki haipimwi kwa ukubwa wa pochi. Lakini Kanisa limefundisha pia, mwaka 1980, kwamba mtu halazimiki kutumia kila njia ya tiba, na anaweza kukataa ile itakayoitwisha familia gharama kupita kiasi. Kwa hiyo asiyeweza kulipa asihesabiwe kuwa amekata tamaa, na anayetafuta malipo asihesabiwe kuwa mbinafsi.

Dhuluma iko wapi basi? Iko pale familia inapoachwa peke yake. Shamba linauzwa kwa bei ya kutupa, ada ya watoto inaliwa, au mama anakimbilia mikopo ya "kausha damu". Akikopa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, baada ya miezi mitano riba peke yake imefikia milioni 1, na deni lenyewe bado lipo. Tumbo limepona, kaya imeugua.

III. TUTENDE

1. Tukomeshe kejeli. Kiongozi wa jumuiya apokee ombi la mgonjwa huyu kama anavyopokea la mgonjwa wa moyo, na atunze siri yake.

2. Tumsaidie mgonjwa kudai majibu kwa maandishi. Bima ikikataa, ieleze sababu. Daktari naye aandike magonjwa yanayoletwa na unene huo. Uamuzi ulioandikwa unaweza kukatiwa rufaa. Neno la dirishani haliwezi.

3. Tuulize gharama yote kabla ya kukubali tarehe: vipimo, dawa ya usingizi, siku za kitanda, chumba cha wagonjwa mahututi iwapo mambo yataharibika, nauli za kurudi kliniki, na vitamini za miaka inayofuata. Asiyeweza kununua vitamini hizo asiharakishwe kupasuliwa.

4. Tumwelekeze kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, aulizie msamaha au kulipa kwa awamu.

5. Tulinde mali ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Baba asisaini peke yake, wala mama asishurutishwe.

6. Tuseme na wawakilishi wetu. Madiwani na wabunge waulizwe waziwazi: katika bima ya wote, mgonjwa wa unene aliyethibitishwa na daktari amewekwa fungu gani?

Mchango wa jumuiya ni tendo la upendo, nasi hatutauacha. Lakini upendo usifanywe kisingizio cha kuisahau haki. Bakuli likipitishwa kila Jumapili kwa ajili ya mgonjwa mwingine, tuwe na ujasiri wa kuuliza kwa nini halijai.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni wangapi wana bima, na wanajua inalipia nini?
2. Je, tumewahi kumnyima mtu mchango kwa sababu ya umbo lake?
3. Ni hatua gani moja tutakayoichukua kabla ya mkutano ujao, na nani ataisimamia?