Samadi au Mbolea ya Dukani? Mpango wa Kurutubisha Shamba la Mahindi

Utangulizi

Msimu wa kupanda ukikaribia, mkulima wa mahindi mwenye eka moja au mbili hupewa mashauri mawili yanayopingana. Huyu anamwambia mbolea ya dukani inaua udongo, arudi kwenye samadi. Yule anamwambia samadi ni kazi ya punda, anunue mifuko. Mada hii inatetea msimamo tofauti: kila mbolea ina kazi yake, na shamba lililochoka linazihitaji zote mbili kwa mpango.

Hesabu ya virutubishi

Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu ya ng'ombe mara nyingi huwa na asilimia 1 hivi, na hupungua zaidi ikiachwa juani na mvuani. Kwa hiyo, kuufikia mfuko mmoja wa urea kunadai zaidi ya tani mbili za samadi, na sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo haitoki msimu wa kwanza. Mwenye ng'ombe wawili hana samadi ya kutosha shamba zima. Kumwambia aachane kabisa na mbolea ya dukani ni kumpunguzia chakula.

Sri Lanka ilionja hali hiyo mwaka 2021. Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za kemikali, mavuno ya mpunga yakashuka, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaondolewa.

Kazi isiyofanywa na urea

Hata hivyo, urea haijengi udongo. Samadi huongeza mboji, na mboji ndiyo inayoshika maji mvua zinapokatika katikati ya msimu. Huleta pia potasiamu, kalsiamu na zinki, ambavyo havimo katika urea wala katika DAP, mbolea ya kupandia. Zaidi ya hayo, mbolea hizo mbili zikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali, hasa kwenye udongo mwekundu wa nyanda za juu.

Ushahidi uko karibu. Huko Kabete, Nairobi, jaribio la mahindi na maharage lilianzishwa mwaka 1976 na likaendelea kwa miongo mingi. Viwanja vilivyopata samadi pamoja na mbolea ya viwandani ndivyo vilivyoongoza kwa mavuno. Rutuba ilishuka hata humo, lakini polepole kuliko kwenye viwanja vilivyotegemea mbolea ya viwandani pekee.

Mapendekezo

Kwanza, udongo upimwe kabla ya kununua chochote. Wenye tindikali kali uwekewe chokaa.

Pili, samadi irundikwe kivulini, ifunikwe, na iachwe ioze vizuri. Samadi mbichi huunguza miche na hueneza mbegu za magugu. Ikiwa kidogo, iwekwe kwenye mashimo ya kupandia badala ya kutawanywa.

Tatu, DAP iwekwe wakati wa kupanda bila kugusana na mbegu, na urea ikuzie mahindi yakifika magotini, udongo ukiwa na unyevu. Urea ifukiwe, kwani ikiachwa juu naitrojeni yake hupotea hewani.

Nne, kila afisa ugani atenge kwa misimu kadhaa shamba la mfano lenye sehemu tatu: samadi, mbolea ya dukani, na mchanganyiko. Wakulima wapime mavuno wenyewe na kuandika gharama za kila sehemu, pamoja na usafirishaji wa samadi.