Ndama Asiyeweza Kuinuka: Mada kwa Wafugaji wa Kata ya Samuye



Ndama huzaliwa mzima, akanyonya na kuruka-ruka zizini. Wiki chache baadaye hutembea kwa kukakamaa, misuli ikitetemeka, kisha hulala asiweze kuinuka. Macho yake yangali maangavu na hamu ya kunyonya anayo, ila miguu haimbebi. Wapo wasemao amerogwa. Lakini mojawapo ya sababu za hali hiyo ni upungufu wa madini yaitwayo seleni.

Mimea huyafyonza madini haya udongoni, na mnyama huyapata malishoni. Mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo mno. Yakishirikiana na vitamini E, huilinda misuli dhidi ya sumu ambazo mwili wenyewe huzizalisha unapofanya kazi. Kinga hiyo ikikosekana, nyuzi za misuli hufa na kuacha michirizi myeupe. Ndipo likapatikana jina la ugonjwa wa misuli myeupe. Huwapata pia wanakondoo na wanambuzi. Ukifika kwenye moyo, mnyama huweza kufa ghafla, hasa baada ya kukimbizwa. Kwa hiyo ndama aliyeanza kukakamaa asiswagwe mwendo mrefu kwenda lamboni.

Kinga huanza kwa mama. Mwaka 1958 watafiti wa Oregon, Marekani, walionyesha kuwa kondoo wenye mimba wakipewa seleni kidogo katika chakula, watoto wao huepuka ugonjwa huu. Nasi tusimwachie ng'ombe mwenye mimba mabua makavu pekee, kwa kuwa vitamini E hupungua majani yanapokauka. Tumtengee sehemu ya ngitili yenye majani mabichi, tumpe na chumvi ya mifugo yenye mchanganyiko wa madini.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, msichome sindano ya seleni wenyewe: ikizidi kipimo ni sumu, nayo huua. Pili, ndama anayechechemea huenda ana chambavu, na aliyekufa ghafla huenda ameuawa na kimeta, ambacho humwambukiza hata binadamu. Msimchinje, msimpasue, wala msile nyama yake. Mwiteni Afisa Mifugo wa Kata.

Ndama akiwahiwa kabla moyo haujaathirika, anaweza kusimama tena baada ya siku chache. Kwa kaya nyingi ndama huyo ndiye ada ya shule ya mwakani. Tuwahi kutoa taarifa.